Deni la zamani, kazi mpya: namna ya kujiandaa kabla mwajiri hajapekua historia yako

Barua ya ofa imefika. Umeisoma mara mbili, mshahara unaridhisha, tarehe ya kuanza kazi imeandikwa. Kisha chini kabisa unakutana na sentensi moja: "Ofa hii itathibitishwa baada ya kukamilika kwa upekuzi wa historia yako." Kama uliwahi kushindwa kulipa mkopo, furaha inakatikia hapo.

Nimepita hapo. Nilikaa na fomu ya idhini siku mbili bila kuisaini, kwa sababu ya mkopo uliogeuka chechefu, yaani nilioacha kuulipa, kipindi nilichokuwa sina kazi. Siku ya tatu ndipo niliisoma ile fomu kwa utulivu, neno kwa neno. Swali lenyewe lilikuwa hili: "Je, kuna hukumu ya mahakama dhidi yako kuhusu deni ambalo hujalilipa?" Sikuwa na hukumu yoyote. Siku mbili nilikosa usingizi nikitafuta jibu la swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

Tangu wakati huo nimewasaidia watu kadhaa kujiandaa, na jambo ninalowaambia mapema ni hili: mwajiri anayepekua analinganisha vitu viwili, maneno yako na karatasi. Deni linaloonekana kwenye karatasi na ulilolitaja mwenyewe kwa kawaida huzungumzika. Deni linaloonekana kwenye karatasi baada ya wewe kusema halipo ndilo linaloondoka na kazi. Hatua zote zinazofuata zinalenga kuhakikisha maneno yako na karatasi vinaafikiana.

Hatua ya 1: Jua wanapekua nini hasa

Upekuzi ni neno pana. Kwa kazi nyingi humaanisha kuthibitisha kitambulisho, vyeti vya shule, waajiri uliowahi kuwafanyia kazi na, mahali pengine, rekodi ya jinai. Taarifa za mikopo huingia zaidi kwenye kazi zinazogusa fedha au siri: benki, bima, uhasibu, usimamizi wa mali za watu wengine, na baadhi ya nafasi za usalama serikalini. Ukiomba kazi ya kufundisha watoto au kuendesha gari, inawezekana kabisa hakuna atakayeuliza habari ya mkopo wako.

Sheria nazo hutofautiana. Afrika Kusini, kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Mikopo ya Taifa ya mwaka 2005 zinaruhusu upekuzi wa mikopo kwa ajili ya ajira pale tu nafasi inapohitaji uaminifu na inahusu kushika fedha. Marekani, majimbo kadhaa, California na Illinois yakiwamo, yamewazuia waajiri kutumia ripoti za mikopo, yaani karatasi zinazoonyesha mtu alivyolipa madeni yake, isipokuwa kwa nafasi maalumu. Na popote pale Marekani, Sheria ya mwaka 1970 inayosimamia ripoti za mikopo inamtaka mwajiri apate idhini yako ya maandishi kwanza.

Jambo jingine linalowashangaza wengi: mwajiri mara nyingi haoni kila kitu anachokiona mkopeshaji. Ripoti anayopewa mwajiri Marekani haina zile alama za mikopo, yaani namba inayopima unavyolipa madeni, ambazo benki huzitumia. Uingereza, upekuzi wa kawaida wa ajira huonyesha taarifa zilizo wazi kwa umma, yaani hukumu za mahakama kuhusu madeni na kufilisika, wala hauonyeshi kila mwezi uliochelewesha malipo ya kadi.

Kwa hiyo uliza. Mwandikie aliyekutumia ofa, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Asante kwa ofa. Ili niandae nyaraka kwa wakati, naomba kufahamishwa upekuzi utahusu maeneo gani, kama taarifa za mikopo zitakuwamo, na kampuni itakayoufanya."

Swali hili halikufanyi ushukiwe. Watu wasio na deni lolote huliuliza kila siku. Na ukishapata jibu, soma fomu ya idhini hadi mwisho kabla ya kusaini, ukiweka alama kila panapotajwa deni, mkopo, hukumu au kufilisika. Angalia na muda: "kwa miaka 6 iliyopita" ni tofauti sana na "umewahi".

Hatua ya 2: Toa ripoti yako kabla wao hawajaitoa

Hii ndiyo hatua ambayo watu huikwepa zaidi, na si kwa sababu ni ngumu. Hawataki kuliona jina lao juu ya karatasi ile. Ninaelewa. Lakini uliyonayo kichwani ni kumbukumbu ya deni iliyochanganyika na hofu, na mwajiri hatasoma kumbukumbu yako, atasoma ripoti.

Ripoti ni haki yako, na mara nyingi ni ya bure. Marekani na Uingereza, kampuni kubwa za taarifa za mikopo ni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na zote zinatakiwa kukupa ripoti yako bila malipo. Kenya, kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, zile ambazo kila mtu anaziita CRB (Credit Reference Bureau), ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kanuni zinakupa ripoti moja ya bure kila mwaka. Mahali pengine anza na tovuti ya benki kuu ya nchi, maana mara nyingi ndiyo inayotoa leseni. Chukua ripoti ya kila kampuni. Wakopeshaji hawapeleki taarifa kote kwa usawa, na deni lisiloonekana huku linaweza kukusubiri kule.

Ukishaipata, iprinti kama unaweza, shika kalamu, uisome mstari kwa mstari. Kwa kila deni tafuta mambo manne: jina la mdai wa sasa (huenda deni liliuzwa na jina limebadilika), kiasi kilichobaki, hali yake, na tarehe. Tarehe ndiyo nitakayoing'ang'ania, kwa sababu ndiyo inayosema deni litaonekana hadi lini.

Marekani, taarifa mbaya nyingi hukaa miaka 7, na hesabu huanza pale ulipoacha kulipa bila kurudi tena kwenye mstari. Deni likiuzwa kwa kampuni nyingine, saa haianzi upya. Kufilisika kunaweza kukaa miaka 10. Muda wa miaka 7 una mlango mmoja wa nyuma: haulazimu kwa kazi zenye mshahara wa dola 75,000 kwa mwaka au zaidi. Uingereza ni miaka 6, kwa mkopo ulioshindikana na kwa hukumu ya mahakama pia. Kenya hesabu huenda kinyume na watu wanavyodhani: taarifa mbaya hukaa miaka 5 tangu deni lilipomalizwa. Maana yake ni kwamba deni lisilolipwa halijaanza hata kuhesabiwa, na kila mwaka unaoliacha ni mwaka unaouongeza.

Nimewaona watu waliotetemeka kwa deni ambalo, walipoisoma ripoti, lilikuwa limeshafutika kwa sababu ya muda. Nimeona na kinyume chake: mtu ana uhakika alimaliza kulipa, kumbe kuna salio dogo la riba lililobaki na limeendelea kumweka kwenye orodha.

Hatua ya 3: Ng'oa makosa

Makosa hutokea: jina linalofanana na lako, namba ya kitambulisho iliyokosewa tarakimu moja, deni ulilolipa likionekana halijalipwa, mkopo uliomdhamini ndugu ukiandikwa kama wako. Ukikuta kosa, lalamika kwa maandishi kwa kampuni ya taarifa za mikopo na nakala kwa mkopeshaji. Ambatisha ushahidi: risiti, taarifa ya benki inayoonyesha malipo, au barua ya mkopeshaji inayothibitisha kuwa humdai wala hakudai. Marekani kampuni hizo kwa kawaida zina siku 30 za kuchunguza.

Kama taarifa ni ya kweli lakini ina maelezo nyuma yake, Uingereza unaruhusiwa kuweka kwenye faili lako maelezo yasiyozidi maneno 200. Yatumie kwa kiasi, kwa sababu kila anayefungua faili atayaona.

Na hapa niseme wazi: anayekuambia ukimlipa "atasafisha jina" lako, mwepuke. Taarifa ya kweli haifutwi kwa ada. Anachoweza kukufanyia kihalali ni kulalamikia makosa, na hilo unaweza kulifanya mwenyewe leo jioni bila kumlipa mtu.

Hatua ya 4: Yagawe madeni yako kwa mafungu matatu

Chukua karatasi. Fungu la kwanza ni yaliyokwisha kulipwa. La pili, yanayolipwa kwa makubaliano. La tatu, yale ambayo hujayagusa na simu zake huzipokei.

Fungu la kwanza linahitaji ushahidi tu. La pili linahitaji ushahidi na nidhamu. La tatu ndilo la kufanyia kazi wiki hii, hata kama huna pesa ya kulimaliza. Dawa ya deni ni kulipa, tunajua sote, lakini kwa mwajiri anayepekua deni ambalo mtu amekaa mezani na mdai wake akapanga linaonekana tofauti kabisa na deni lililokimbiwa.

Piga simu, au andika kama sauti inakukwama. Waambie unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Taja kiasi utakachokimudu hata mwezi mbaya. Ahadi kubwa iliyovunjika mwezi wa pili inakuharibia kuliko ahadi ndogo inayoshikiliwa. Kabla hujatuma hata senti moja, pata makubaliano kwa maandishi: kiasi, tarehe, na watakachoandika kwenye ripoti deni likiisha. Baada ya hapo hifadhi kila risiti.

Usichukue mkopo mpya kuzima wa zamani katika wiki hizi. Unabadilisha mstari mmoja mbaya kwa mstari mpya wenye tarehe ya jana.

Kama ni hukumu ya mahakama Uingereza, kuna jambo la haraka: ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja tangu hukumu itolewe, unaweza kuomba iondolewe kwenye rejista ya hukumu za madeni. Ukilipa baada ya hapo, itabaki ikiwa na maelezo kwamba imelipwa, jambo ambalo bado ni bora mara nyingi kuliko hukumu ambayo haijalipwa.

Hatua ya 5: Amua useme nini, na lini

Hapa ndipo watu huharibu, kwa pande zote mbili. Wengine hukana kila kitu. Wengine humwaga maisha yao yote kwenye mahojiano ya kwanza, mbele ya watu ambao hawajaamua hata kama wanawataka.

Ninavyoamini mimi: ukiulizwa, jibu ukweli, kwa kipimo cha swali. Usipoulizwa, na kama taarifa za mikopo hazimo kwenye upekuzi, huna deni la kujieleza. Ila kama umeshajua wataitazama ripoti na umeshaona kitakachotokea humo, sema kabla hawajakiona. Wakati mzuri ni baada ya ofa, pamoja na fomu ya idhini au siku moja kabla yake.

Inasaidia kuelewa wanachoogopa. Hofu ya mwajiri ni kwamba mtu aliyebanwa na madeni anaweza kushawishika kuchukua kisicho chake au kuuza siri. Ndiyo maana miongozo mikubwa ya upekuzi haimhukumu mtu kwa umaskini. Uingereza, mamlaka inayosimamia sekta ya fedha huangalia hali ya kifedha ya mtu pamoja na uaminifu na uwezo wake, na mwongozo wake unasema kuwa na kipato au mali kidogo hakumwondolei mtu sifa peke yake. Marekani, kwa kazi za serikali zinazohitaji kibali cha usalama, kuna kipengele kizima cha masuala ya fedha, na ndani yake kuna yanayompunguzia mtu uzito: kwamba deni lilitokana na mambo yaliyo nje ya uwezo wake kama kupoteza kazi, ugonjwa, kifo au talaka, kisha akachukua hatua za busara, kwamba ametafuta ushauri na hali inadhibitika, kwamba analipa kwa nia njema, kwamba analipinga deni kwa hoja na nyaraka. Hata kama kazi yako haina uhusiano na vyombo hivyo, hiyo ni orodha nzuri ya kile ambacho msomaji wa faili lako angependa kukiona.

Maelezo yako yawe mafupi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, imejaa ugonjwa wa mzazi wangu na mwajiri aliyetucheleweshea mishahara. Rafiki yangu aliyekuwa anafanya kazi ya kuajiri aliichukua, akakata, akanirudishia sentensi nne. Zilikuwa na sura hii:

"Kabla upekuzi haujaanza, ningependa mfahamu kuwa ripoti yangu ya mikopo itaonyesha mkopo mmoja nilioshindwa kuulipa nilipopoteza kazi. Baada ya kupata kazi nyingine niliingia makubaliano ya maandishi na mkopeshaji, na nimelipa kila mwezi bila kukosa. Nimeambatisha makubaliano hayo na risiti za miezi 6 iliyopita. Sina deni jingine lililochelewa."

Tazama kila sentensi inafanya nini. Ya kwanza inataja kitu kamili, idadi yake na sababu kwa maneno mawili. Ya pili inaonyesha ulichofanya. Ya tatu inaweka ushahidi mkononi mwao. Ya nne inafunga mlango wa wasiwasi, lakini iandike tu ikiwa ni kweli na umeshaithibitisha kwenye ripoti zote. Kama madeni ni matatu, sema matatu. Hakuna machozi, hakuna lawama, hakuna kuahidi kwamba halitatokea tena.

Ukiitwa kuzungumza, sema maneno yaleyale. Yafanyie mazoezi kwa sauti mbele ya mtu mmoja unayemwamini, hadi uweze kuyasema bila kuangalia chini. Wakikuuliza swali la ziada, jibu hilo tu, halafu nyamaza.

Hatua ya 6: Wakati upekuzi unaendelea

Usiache kazi uliyonayo. Nalisisitiza kwa sababu furaha ya ofa huwasukuma watu kuandika barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo: subiri uthibitisho wa maandishi kwamba upekuzi umekamilika na ofa haina masharti tena.

Endelea kulipa awamu zako kwa tarehe. Jibu maombi ya nyaraka siku hiyohiyo. Na usihofu kwamba upekuzi wenyewe utakushushia alama. Marekani na Uingereza, upekuzi wa ajira hauhesabiwi kama ombi la mkopo.

Hatua ya 7: Wakikataa

Omba sababu kwa maandishi, na uulize kama ripoti ya mikopo ilichangia. Marekani, mwajiri anayetaka kukukataa kwa sababu ya ripoti lazima akupe nakala yake na maelezo ya haki zako kabla ya kuamua, ili upate nafasi ya kujibu. Akishakataa, lazima akutajie kampuni iliyotoa ripoti, nawe una siku 60 za kuiomba ripoti hiyo bure. Ukipata ile nakala inayotangulia uamuzi, usiichukulie kama kukataliwa. Bado mlango uko wazi, na muda wa kujibu ni mfupi, kwa hiyo tuma ushahidi wako siku hiyohiyo.

Kwingineko tegemea sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Kenya ina yake ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, na nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni ya pamoja inayotumika tangu 2018. Zote zinakupa haki ya kuona taarifa zako na kudai zisizo sahihi zirekebishwe. Kama uamuzi ulitokana na kosa, rekebisha, kisha warudie kwa barua yenye ripoti mpya.

Kama ripoti ilikuwa sahihi na wamekataa tu, itauma, na una haki ya kuumia siku mbili tatu. Halafu fungua tena faili la nyaraka ulizoandaa. Ripoti zimo, makubaliano yamo, barua ya sentensi nne imo. Kwa ombi linalofuata utabadilisha jina la mwajiri juu ya barua, na utaongeza risiti ya mwezi huu.